Aliyechelewa Rakaa



Ndugu zangu wanafunzi, nataka tuzungumze juu ya swali ambalo kwa juu juu linaonekana ni la walimu na wasimamizi wa vyuo, lakini mimi naliona ni swali la uadilifu. Mtu akifika chuoni hali ya kuwa nyuma ya wenzake, kwa hesabu, kwa lugha au kwa uandishi, tumfanye nini? Tumsimamishe mlangoni mpaka alipe alichokosa, au tumwingize safuni alipe akiwa ndani?

Mfano nitakaoutumia ni wa Marekani, kwa sababu huko swali hili limejaribiwa kwa vitendo, kwa watu wengi na kwa muda mrefu, na matokeo yameandikwa. Wala si mfano wa mbali sana na sisi. Wako ndugu zetu waliotoka kambi za Nakivale, Kyaka na Nyarugusu wakapelekwa kuishi huko, na chuo kilicho rahisi zaidi kwao kuingia ni kile kinachoitwa chuo cha jamii. Ni chuo cha miaka miwili, ada yake ni nafuu kuliko ya vyuo vikuu, na kwa kawaida hakimkatai mtu. Mwenye umri mkubwa, mwenye watoto, mwenye kazi ya usiku, wote wanapokelewa.

Tatizo lilikuwa ndani. Kwa miongo mingi mgeni alikaribishwa kwa mtihani mfupi wa kompyuta. Miwili iliyojulikana zaidi ni ACCUPLACER ya College Board na COMPASS ya ACT. Aliyepata alama za chini alipelekwa kwenye masomo ya maandalizi: kusoma, kuandika, na zaidi ya yote hisabati. Masomo hayo yalilipiwa ada kama mengine, yalikula muhula kama mengine, lakini hayakuhesabiwa katika shahada. Na hayakuwa darasa moja. Katika hisabati mtu aliweza kuanzishwa ngazi tatu chini ya somo la kwanza la chuo, kila ngazi muhula wake. Maana yake mwaka mmoja na nusu unapita, naye kwa hesabu ya shahada bado hajaanza.

Sitaki kuwakejeli waliobuni utaratibu huu. Niya yao ilikuwa rehema: usimtupe mtu kwenye maji ya kina kabla hajajua kuogelea. Nani angepinga hilo?

Mwaka 2010 watafiti wa kituo cha utafiti wa vyuo vya jamii kilichoko katika Columbia University, New York, wakiongozwa na Thomas Bailey, walichapisha walichokiona walipofuatilia wanafunzi wa aina hiyo. Katika kila 100 waliopelekwa kwenye maandalizi ya hisabati, 33 tu ndio waliomaliza ngazi zote walizopangiwa. Katika kusoma, 46. Karibu 30 katika kila 100 hawakujiandikisha hata darasa moja la maandalizi. Jambo lililonishughulisha zaidi ni hili: walioachia njiani kwa kutojiandikisha, ama darasa la kwanza ama lile linalofuata, walikuwa wengi kuliko walioachia njiani kwa kufeli au kuacha darasa ambalo walikwisha kuliingia. Yaani waliopotea, wengi wao, hawakushindwa na hesabu. Walipotea baina ya mlango na mlango.

Hebu tupige hesabu ndogo. Chukua wanafunzi 100 na milango mitatu. Katika kila mlango, saba katika kumi wanapita, jambo ambalo mwalimu yeyote angeliona si baya. Baada ya mlango wa kwanza wamebaki 70, wa pili 49, wa tatu 34. Hakuna mwalimu aliyefanya ubaya, hakuna darasa lililokuwa bovu, na theluthi mbili ya watu wameondoka. Dhulma nyingine haina mtu mmoja wa kumnyooshea kidole, imo katika mpangilio wenyewe.

Kisha ikaonekana kwamba hata mtihani wa kupanga haukuwa ukipanga sawasawa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 na Judith Scott-Clayton na wenzake ulikadiria kuwa mmoja katika kila wanne katika hisabati, na mmoja katika kila watatu katika Kiingereza, alipangiwa mahali pasipo pake kwa kosa kubwa. Na kosa lililozidi ni la kumshusha anayeweza, si la kumpandisha asiyeweza. Alama za mtu za miaka yote ya sekondari zilimweleza vizuri zaidi kuliko mtihani wa saa moja au mbili.

Hapa nakumbuka Suratu Abasa. Mnajua sababu ya kuteremka kwake: Abdullah bin Ummi Maktum (R.A.), kipofu, alimjia Mtume (S.A.W.) akitaka kufundishwa, wakati Mtume akiwa ameshughulika na wakubwa wa Kiquraishi kwa kutaraji kusilimu kwao. Wanachuoni wamelieleza tukio hili kwa adabu, nami sitaongeza langu. Ninachotaka tukizingatie ni kile ambacho aya zinakitaja: kwamba huwezi kujua, pengine huyu aliyekuja mbio ndiye atakayetakasika. Ni aya kuhusu mipaka ya elimu yetu juu ya watu. Na historia ikaonyesha, kwani Ibn Ummi Maktum akawa mwadhini pamoja na Bilal, na Mtume alipotoka safari alimwachia Madina zaidi ya mara moja. Ni mtihani gani wa upangaji ungeliona hilo?

Sasa tuje kwenye fiqhi, maana ndiko nilikolipata jibu lililonituliza, ingawa si lote.

Sote tunajua hukumu ya maamuma aliyechelewa. Anaingia msikitini, anakuta imamu yuko rakaa ya tatu. Anafanya nini? Anahirimia na kujiunga na imamu pale pale alipo, imamu akitoa salamu yeye anasimama kulipa kilichompita. Hadithi ya Abu Huraira (R.A.) katika Bukhari na Muslim iko wazi: tuiendee swala kwa utulivu, tulichokidiriki tuswali, kilichotupita tukamilishe.

Wengi wetu hatujui kwamba haikuwa hivyo tangu mwanzo. Katika Sunan ya Abu Daud na Musnad ya Imamu Ahmad imepokewa habari ya hali ambazo swala ilipitia. Mtu akichelewa alikuwa akiuliza, anaelezwa rakaa ngapi zimepita, anaziswali hizo kwanza peke yake, kisha ndipo anajiunga na Mtume. Unaweza kupata picha ya msikiti ulivyokuwa: huyu amesimama, yule yuko katika rukuu, mwingine ameketi, na wengine wanaswali na Mtume. Siku moja akaja Muadh bin Jabal (R.A.). Yeye hakukubali kumkuta Mtume katika hali yoyote ila awe naye katika hali hiyo. Akajiunga moja kwa moja, na Mtume alipomaliza, Muadh akasimama kulipa. Mtume akakiridhia kitendo hicho na kuwaambia watu kwamba Muadh amewawekea mwendo, nao waufuate.

Wenzangu wa somo la hadithi wataniwahi: isnadi ina maneno, kwa kuwa Abdurrahman bin Abi Laila hakumdiriki Muadh. Ni kweli, na ndiyo maana sikuifanya kuwa tegemeo la hukumu. Hukumu inasimama juu ya hadithi ya Abu Huraira. Lakini angalieni habari yenyewe inavyofanana na mjadala wa Wamarekani. Utaratibu wa zamani ni masomo ya maandalizi: lipa kwanza, peke yako, kisha uingie. Utaratibu wa Muadh ndio mageuzi yanayofanywa leo: ingia kwanza, uwe na jamaa, kisha ulipe.

Na mageuzi hayo yamefanywa kweli. Mwaka 2007 katika Community College of Baltimore County, Maryland, mwalimu wa Kiingereza Peter Adams na wenzake walianza kuwaweka wanafunzi waliopangiwa maandalizi ya uandishi katika darasa lile lile la kwanza la chuo, pamoja na wengine. Darasa likiisha, wale wachache wanabaki na mwalimu yule yule kwa saa za ziada: insha iliyotolewa asubuhi inachambuliwa, sentensi zinanyooshwa, maswali ambayo mtu aliona haya kuyauliza mbele ya wote yanaulizwa. Florida ilipitisha sheria mwaka 2013 iliyowaondolea wahitimu wengi wa sekondari za umma ulazima wa mtihani na maandalizi. California ikafuata mwaka 2017 kwa sheria inayojulikana kama AB 705, inayovitaka vyuo vya jamii vitazame rekodi ya sekondari, na visimpeleke mtu kwenye maandalizi ila pale ambapo hana matarajio ya kufaulu bila hayo.

Lakini ngojeni. Mtu mwenye kusoma vitabu vyetu atasimama aseme: mbona Imamu Ghazali anasema vingine? Na kweli, katika Ihya, kitabu cha elimu, miongoni mwa adabu za mwanafunzi ametaja kwamba asiingie fani moja kabla hajaitimiza iliyo kabla yake, kwa sababu elimu zina mpangilio wa lazima, nyingine ni njia ya kuendea nyingine. Na miongoni mwa adabu za mwalimu ametaja kutompa mwanafunzi kile ambacho akili yake haijakifikia. Ibn Khaldun naye katika Mukaddima anawalaumu walimu wanaomkabili mwanzilishi kwa masuala magumu, akisisitiza kwenda hatua kwa hatua. Je, hawa si watetezi wa maandalizi?

Sidhani kwamba jibu ni kuwapuuza. Fiqhi yenyewe ina upande wa pili. Maamuma aliyechelewa anajiunga bila kulipa rakaa, lakini hajiungi bila udhu. Hata kama imamu yuko katika tahiyatu ya mwisho na jamaa inamponyoka, atakwenda kutawadha. Udhu ni sharti, bila udhu hakuna swala kabisa. Rakaa iliyopita ni sehemu ya swala, na inaweza kulipwa baadaye.

Basi swali si kama maandalizi ni mema au mabaya. Swali ni: upungufu huu alio nao mwanafunzi, ni udhu au ni rakaa? Na hili halijibiwi kwa ukali wala kwa huruma, linajibiwa kwa kulijua somo.

Chukua aljebra. Kwa anayekwenda uhandisi, aljebra ni udhu, hawezi kugusa kalkulasi bila hiyo. Lakini vyuo vile vilimtaka aljebra hata anayekwenda ustawi wa jamii au historia, ambaye hesabu atakayoihitaji maishani ni takwimu: wastani, uwezekano, kusoma jedwali bila kudanganywa. Chuo kikuu cha jiji la New York, CUNY, kililifanyia jambo hili jaribio mwaka 2013. Wanafunzi 907 wa vyuo vitatu vya jamii, wote wamepangiwa maandalizi ya aljebra, waligawanywa kwa bahati nasibu mafungu matatu. Fungu moja lilisoma aljebra ya maandalizi kama kawaida. La pili aljebra hiyo hiyo na kipindi cha msaada kila wiki. La tatu likapelekwa moja kwa moja somo la takwimu la kiwango cha chuo, na kipindi cha msaada. Waliofaulu ni 39 katika 100 kwa fungu la kwanza, 45 kwa la pili, na 56 kwa la tatu. Waliofanya somo lililohesabiwa kuwa gumu zaidi ndio waliofaulu zaidi. Na ufuatiliaji wa miaka iliyofuata ulionyesha pia waliohitimu ni wengi zaidi katika fungu hilo.

Kwa hiyo kwa watu wale aljebra haikuwa udhu. Ilikuwa desturi iliyovalishwa nguo ya sharti. Ibn Khaldun huyo huyo ana neno linalofaa hapa: anataja kwamba katika zama zake muda wa mwanafunzi kukaa madrasa za Maghribi ulikuwa miaka 16, na Tunis miaka 5, na hakuiona ile 16 kuwa ni dalili ya kina. Aliiona ni dalili ya ufundishaji mbovu, wanafunzi wanakaa kimya wakihifadhi bila kujadiliana.

Hata hivyo nimesema jibu halikunituliza lote, na sababu ni wale 44. Katika fungu lililofanya vizuri kuliko yote, 44 katika kila 100 hawakufaulu. Watetezi wa mageuzi hupenda kuitaja 56 na kupita. Mimi siwezi kupita, kwa sababu mwenzangu aliyefeli akiwa ndani ya safu anaumia vilevile kama aliyeachwa nje, pengine zaidi, kwa kuwa sasa kufeli kwake kumeandikwa.

Na hapa maamuma aliyechelewa anatufundisha jambo la pili, ambalo wanasiasa wanaopenda mageuzi ya bei rahisi hawalipendi. Huyo akitoa salamu pamoja na imamu akaenda zake kwa makusudi, swala yake ni batili. Kulipa si sunna, ni faradhi. Basi chuo kinachofuta maandalizi, kikamwingiza kila mtu darasa la kwanza, kisha kikaokoa pesa kwa kutoweka msaada wowote, kimemfundisha mwanafunzi kutoa salamu na imamu. Kimempa safu, kikamnyima swala.

Msaada wa kweli una gharama, na tunajua unafananaje. CUNY hiyo hiyo tangu mwaka 2007 ina mpango uitwao ASAP. Mwanafunzi anatakiwa asome muda wote, na kwa upande wake anapata mshauri mwenye wanafunzi wachache anayemwona mara kwa mara, walimu wa ziada, msaada wa vitabu, tiketi ya usafiri, na pengo la ada linazibwa. Tathmini iliyofanywa kwa kugawanya wanafunzi kwa bahati nasibu, wote wakiwa wameanza na haja ya maandalizi, ilikuta baada ya miaka mitatu 40 katika 100 wamehitimu, dhidi ya 22 wasiokuwa katika mpango. Kwa kila mwanafunzi gharama ilikuwa kubwa zaidi, lakini kwa kila mhitimu ilikuwa ndogo zaidi. Tiketi ya basi! Nani angeihesabu kuwa ni sehemu ya hisabati?

Upo pia upande wa amana. Wapo watakaosema: ukilegeza mlango utatoa muuguzi asiyejua kugawanya dozi. Hoja hii ni nzito na haijibiwi kwa kumwita aliyeitoa mkatili. Lakini tuangalie inalenga wapi. Amana ya muuguzi inapimwa mwishoni, anapotoka, si mwanzoni anapoingia. Ninachokitetea ni kuliacha lango la kutokea lilivyo, na kuacha kulihamishia ukali wake kwenye lango la kuingilia, ambako tumeona upimaji wenyewe unakosea mtu mmoja katika wanne.

Nije sasa nyumbani, maana kuwasema Wamarekani ni rahisi.

Sisi Waislamu wa Uganda kielimu ni watu tuliochelewa rakaa. Shule zilianzishwa na wamishionari, na wazazi wengi wa Kiislamu walichelea watoto wao wasirudi na dini nyingine. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Mbale kilipofunguliwa mwaka 1988, shule za wengine zilikuwa na karibu miaka mia. Kila mmoja wetu anamjua ndugu wa kijijini ambaye angekuwa hapa leo lau pangekuwa na mtu wa kumshika mkono mwaka wa kwanza.

Na wako hapa katikati yetu wanaosimamishwa mlangoni. Ndugu kutoka Bukavu, Goma na Bujumbura waliosoma kwa Kifaransa, wanaokuja kusoma kwa Kiingereza. Katika chuo kimoja cha eneo hili, ambacho sitakitaja, mwenzangu mmoja alisomeshwa Kiingereza miezi tisa kabla ya kuruhusiwa kugusa somo lake la uhasibu. Darasa lao lilikuwa na watu wa viwango vyote. Aliyeshindwa hata salamu alikaa na aliyeweza kusoma gazeti. Kwa yule wa kwanza lugha ni udhu, simbishii mtu. Ndiyo maana hata Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina humweka asiyejua Kiarabu katika taasisi ya lugha kabla ya kumpeleka kitivoni, kwani hutafahamu mhadhara wa tafsiri kwa lugha usiyoisikia. Lakini yule wa pili, ambaye debiti na krediti anazijua kwa Kifaransa kuliko wanaozisoma hapa mara ya kwanza, kwake ilikuwa rakaa. Angeweza kuingia muhula huo huo, na Kiingereza akakilipa jioni, tena kupitia vitabu vya uhasibu wenyewe. Wawili katika darasa lile waliishiwa pesa za chumba mwezi wa saba wakarudi kwao. Hawakufeli chochote.

Hata katika idara yetu ya masomo ya Kiislamu jambo hili lipo. Waliotoka thanawi wanafungua kitabu cha Kiarabu na kusoma. Waliotoka sekondari za serikali wanahesabu herufi. Nimewasikia wa kundi la kwanza wakisema hawa wangebaki nje mpaka wakamilishe nahau. Kwa tafsiri na balagha nakubaliana nao. Kwa historia ya Uislamu, usulu za mwanzo na uchumi wa Kiislamu, ambavyo tunasomeshwa kwa Kiingereza, sioni kwa nini.

Jumuiya yetu ina chumba ambacho baada ya Alasiri hadi Magharibi kinakaa tupu siku nne katika wiki, na wako kati yetu wanaoijua nahau, takwimu na uandishi wa Kiingereza vya kutosha kumsaidia mwenzao wa mwaka wa kwanza. Nimeiandikia kamati pendekezo liingie katika mkutano mkuu wa muhula huu. Nimeomba mambo mawili: anayesaidia awe amelisoma somo lile lile ambalo mwenzake analisoma wiki hiyo, si kozi ya pembeni, na wanaotoka mbali wapewe nauli ya bodaboda kutoka mfuko wa jumuiya. Kamati imelikubali la kwanza. La nauli wamesema litajadiliwa, na mweka hazina ameniuliza kwa nini wanafunzi wazima walipiwe nauli ya kuja kusaidiwa wao wenyewe. Ni swali la haki, na nitalijibu siku hiyo mbele ya wote, inshaallah.

Wallahu aalam.